Dawa ya Mchwa na Sahani ya Bibi Wakuru

Ukifungua daftari la ruhusa la karakana yetu hapo Iringo, Musoma, utakuta kila mwaka, mvua za vuli zikianza, kuna mstari mmoja wa mwandiko wangu: siku moja, sababu, kwenda Butiama kula kumbikumbi. Nyie vijana mmeucheka huo mstari mpaka mkachoka wenyewe. Wengine mlisema mama fundi ana uroho, wengine mkasema ana shamba la siri huko. Msimamizi mmoja alikataa kusaini, akanishauri niandike naumwa kama watu wengine. Nikamwambia siumwi. Sasa nimestaafu, funguo nimekabidhi, na kabla hamjaanza kunitungia mengine naandika mwenyewe ilivyokuwa. Ni habari ya kichuguu nilichotumwa kukiua, na mwanamke ambaye hakuwa na kitu kingine duniani alichoweza kukiita chake.

Vyeo na vikao nitaviruka. Anayevitaka, mafaili yapo, kama mchwa hawajayafikia.

Niliingia karakana nikiwa na cheti cha useremala, viatu vya kuazima na woga. Mimi ni mtoto wa Majita, kwetu ni wavuvi na wakulima wa mihogo, na seremala mwanamke nilikuwa sijawahi kumwona isipokuwa kwenye kioo. Karani wa mlangoni akaniuliza nimekuja kumwona nani. Nikasema nimekuja kazini. Akauliza tena, taratibu zaidi, kana kwamba asiyesikia ni mimi. Aliyeniokoa ni Mzee Masatu, fundi mkuu, Msabato mwembamba ambaye Jumamosi hata msumari hakuugusa, lakini siku sita zilizobaki hakutaka kuona mtu amekaa.

Akanipeleka nyuma ya karakana, penye fremu ya mlango iliyoegemezwa ukutani. Ilipakwa rangi ya kijani, nzuri kabisa. Akasema, “Binti, ibonyeze.” Nikabonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama ndani. Hamkuwa na mbao mle, kulikuwa na vumbi la udongo na nafasi tupu. Kilichokuwa kimesimama pale ni rangi. Nikacheka. Mzee hakucheka. Alisema huyo, mchwa, ndiye nitakayeshindana naye mpaka nistaafu, na kwamba leo amenishinda kwa sababu moja tu: sikumwona.

Chombo cha kwanza alichonifundisha hakikuwa randa wala msumeno. Kilikuwa bisibisi ndefu yenye mpini wa mti. Unasimamisha ncha kwenye boriti, mpini unauweka sikioni, halafu unaigonga boriti kwa kiganja mara moja na kunyamaza. Kama wamo, wanajibu. Askari wa mchwa wanagonga vichwa vyao kwenye mbao kuwaonya wenzao, na ule mlio unapanda kwenye chuma mpaka sikioni kwako, tik-tik-tik, halafu kimya, halafu tena. Siku niliyowasikia mara ya kwanza nilisisimka mwili mzima. Nilikuwa nimekula kumbikumbi tangu sijaota meno yote, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hawa viumbe wana habari za kupeana.

Kuanzia siku hiyo nikawa na ugonjwa wa kuuliza. Wakati ule kila fundi alipaka oili chafu ya magari kwenye nguzo na mbao za chini. Inasaidia, sitawadanganya. Lakini Mzee Masatu hakuitaka. Nilipomuuliza kwa nini, alinirudishia swali: mvua ikinyesha hapa, maji yanateremkia wapi? Nikasema ziwani. Na maji ya kunywa tunachota wapi? Hakungoja nijibu, alirudi kwenye randa yake.

Basi nikaomba kipande cha uwanja nyuma ya choo cha karakana, mahali ambapo mchwa wamejaa, nikapanda vigingi. Kila kigingi na dawa yake. Kimoja cha mkaratusi mtupu, kimoja nimekichovya kwenye majivu ya jikoni yaliyokorogwa na maji, kimoja nimekilaza siku nne kwenye maji ya majani na mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, kimoja nimekichoma ncha mpaka ikawa mkaa, kimoja cha mkojo wa ng'ombe, kimoja cha pilipili kichaa. Kimoja cha kiini cha mninga, ile sehemu nyekundu ya katikati, bila dawa yoyote. Mafundi wenzangu walipaita makaburini. Kila mwisho wa mwezi naving'oa, natazama, naandika, narudisha.

Cha pilipili kilikuwa cha kwanza kuisha. Nadhani walikuwa wamekosa kachumbari. Cha mkojo kilifuata, na harufu yake tuliimaliza sisi, si mchwa. Majivu yalikuwa mazuri kama mahali ni pakavu, mvua ikiyaosha yamekwisha. Mwarobaini ulikaa vizuri ila unataka kurudiwa, ni dawa ya mtu asiye mvivu. Kile cha kuchomwa kilistahimili mpaka kilipopasuka ufa, wakapita kwenye ufa huo kama wamefunguliwa mlango. Kiini cha mninga, jamani, kilibaki kama nilivyokipanda. Ndiyo nikajua kwamba dawa nyingine Mungu ameshaiweka ndani ya mti, sisi kazi yetu ni kutokuitupa tukachukua ile nyeupe ya pembeni kwa sababu ni laini kupiga misumari.

Kigingi nilichokipenda kuliko vyote nilikipata Rukuba. Tulitumwa kisiwani kurekebisha paa la shule, na wavuvi wa kule nikawaona wanazamisha nguzo za mkaratusi ziwani, wamezifunga mawe. Nikauliza wanaadhibu nini. Mmoja akaniambia wanaziacha humo miezi mpaka maji yatoe “utamu” wote, zikikauka mchwa akizionja anaona hazina kitu. Nilidhani ananitania kwa sababu mimi ni Mjita na yeye ni mtani. Nikarudi na kipande chake kwenye mtumbwi, nikakipanda makaburini. Kilidumu zaidi ya mara mbili ya mwenzake ambaye hakuoga. Nilimwonyesha Mzee Masatu, akakigeuzageuza muda mrefu, mwishowe akasema angekuwa ameyajua hayo ujana wake angeokoa mapaa mengi. Ni sifa pekee niliyowahi kuisikia kwake, na hata hiyo ilikuwa ya wavuvi.

Sasa naja mahali ambapo sipendi kufika.

Nikahamishiwa Bunda, nikawa mwenyewe, bila Mzee. Kulikuwa na shule moja kijijini, darasa la nne linaliwa paa, na nyuma yake kichuguu kirefu kuliko mimi. Msimamizi wa wakati huo alinipa dumu jeusi lenye picha ya fuvu, akasema nikiue kichuguu na darasa litapona. Mimi mwenye makaburi ya vigingi, mimi niliyeuliza maswali miaka yote, siku hiyo sikuuliza hata moja. Nilikuwa mgeni pale na nilitaka nionekane fundi wa maana. Nikatoboa matundu juu, nikamimina dumu zima.

Siku ya tatu mchwa wakaanza kutoka wamelewa, wakafa nje. Kuku wa mama mmoja jirani ya shule wakaja wakafanya karamu. Kufikia kesho yake walikuwa wamelala uwanjani wote, jogoo na vifaranga. Watu wakasema kideri, ule ugonjwa wa kuku, kimeingia. Yule mama akaja mpaka chini ya ngazi niliyokuwa nimepanda, ameshika jogoo wake kwa miguu, akaniuliza kwa sababu mimi ni mtu wa ofisini: “Fundi, hiki si kideri?”

Nikamjibu, “Inaweza kuwa kideri, mama.”

Akashukuru, akaenda. Mvua za kwanza zilipokuja, watoto wa shule walizunguka kile kichuguu na vijiti, wakagonga na kuimba kama wanavyofanyaga wakiita kumbikumbi. Nilikuwa pale nafunga dirisha. Nilisimama na nyundo mkononi nikiomba asitoke hata mmoja, na sijawahi kuomba vile kanisani. Hakutoka. Watoto wakaondoka wamenuna. Mwaka uliofuata paa la darasa likaliwa tena kana kwamba sikufanya kitu. Hilo la paa lilinishangaza, nikaliandika kwenye daftari langu na alama ya kuuliza. La kuku sikuliandika. Sikumwambia mtu, hata Mzee Masatu nilipokwenda kumwona anaumwa.

Miaka ikapita, nikarudi Musoma, Mzee akafariki akiniachia ile bisibisi. Wakati ule Butiama bado haijawa wilaya yake yenyewe, kazi za huko tulizifanya sisi. Ndipo ikaja habari ya zahanati moja ya kijiji: wodi ya wazazi, jengo la miaka minne tu, siling bodi imeanguka juu ya kitanda kitupu, fremu zinabonyea, na kenchi mbili za paa zimeanza kulegea. Muuguzi alikuwa amewahamishia wazazi kwenye chumba cha sindano, wanajifungua kwenye benchi. Hatua chache kutoka ukutani, upande wa pili wa ua wa minyaa, kulikuwa na kichuguu. Serikali ya kijiji ilikuwa imeshakaa na kukubaliana kiuawe. Msimamizi akanikabidhi dumu. Fuvu lilikuwa lile lile.

Nilipofika nikamkuta mwanamke mzee amekaa kwenye kigoda, mgongo umeegemea kichuguu, anapukuchua mahindi. Ndiye Bibi Wakuru. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kupukuchua. Nikamweleza kilichonileta, kwa adabu, na habari ya wazazi kwenye benchi nikaisema pia. Alisikiliza yote. Alisema wodi anaitaka hata yeye, wajukuu zake wawili walizaliwa mle. Kisha akaweka gunzi chini.

“Mwanangu, mume wangu alikufa. Shamba ni ya shemeji zangu. Ng'ombe ni yao. Hii nyumba wakisema nitoke, natoka. Hii kichuguu alinipaga mama mkwe wangu, mwaka nilizaa mtoto wa kwanza. Hakuna mtu anaweza kusema si yangu.”

Hiyo ndiyo desturi ya pale. Kichuguu cha kumbikumbi kina mwenyewe, na mama mkwe anaweza kumkabidhi mke wa mwanawe kama anavyomkabidhi chungu. Mvua zikija, mwenye kichuguu ndiye anayegawa. Hata shemeji zake wenye ng'ombe wote wale, siku hiyo wanasimama na mabakuli wanangoja awatazame. Nikaelewa ninachotaka kukiua.

Akalitazama dumu, akaniuliza swali moja, bila hasira. “Hiyo dawa, ukishaimwaga, wewe utakuja kula kumbikumbi zangu?”

Nilimwona jogoo wa Bunda ameshikwa kwa miguu. Nikalirudisha dumu kwenye gari, nikampigia msimamizi nikaomba wiki moja. Akanipa mpaka Ijumaa. Alisema Ijumaa anataka kusikia mojawapo, kichuguu kimekufa au nimemwonyesha kinachokula lile paa, na siyo hadithi. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumanne nilishinda darini na bisibisi sikioni. Walikuwemo, wengi, wanagonga. Nikajua wako wapi, sikujua wanatoka wapi. Jumatano nikachimba mfereji kati ya kichuguu na ukuta wa wodi nikitafuta njia yao ya chini, nikachimba mpaka mikono ikachubuka, nikakuta mizizi na chupa ya soda. Jioni yake nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Bibi Wakuru akaniita barazani kwake akanipa uji wa mtama, hakuuliza kitu.

Nikawa nakunywa uji huku natazama ukuta wake. Ulikuwa mwekundu, laini, umesiribwa vizuri. Nikamuuliza udongo mzuri hivi anautoa wapi. Akasema ni wa kichuguu, akibomoa kidogo pembeni wanajenga tena, kwa hiyo hauishi. Nikanywa funda moja zaidi, kisha nikaweka bakuli chini uji ukiwa nusu. Siku zote mbili, kati ya kazi nyingine, nilikuwa nikivunja vile vijia vya udongo ambavyo mchwa wanajenga ukutani ili wapite gizani, na kila mara mikono yangu ilitoka na rangi ya kijivu.

Nikakimbia wodini, nikabandua kipande cha kijia, nikakilowesha kiganjani kwa mate. Kijivu, kinakaribia kuwa cheusi. Nikalowesha kipande cha kichuguu kwenye kiganja cha pili. Chekundu. Nikakaa pale na viganja viwili wazi kama mtu anayeomba dua. Mchwa hajengi kwa udongo wa kununua. Anajenga kwa ule anaotoka nao. Hawa wa wodini hawakuwa wa Bibi.

Alhamisi asubuhi nikafuata udongo wa kijivu. Njia zote zilishuka zikakusanyika kwenye kona ya baraza, penye ngazi. Nikapata mafundi wawili wa kijijini, tukavunja zege la kona ile. Chini yake kulikuwa na kifusi cha udongo mweusi uliosombwa kutoka mbugani wakati wa ujenzi, na ndani ya kifusi mbao. Vipande vya mbao za kufungia zege, vigingi vya kupimia, mabaki ya papi, zile mbao nyembamba za paa, yote yamefukiwa pale kwa uvivu wa kuyabeba, na mchwa wamejaa humo kama wageni kwenye harusi. Tuliwaandalia chakula, tukawajengea nyumba juu yake, kisha tukashangaa wamepanda darini kutafuta zaidi.

Nasema “tuliwaandalia” kwa sababu nilichukua kipande kimoja cha ubao kilichobaki kizima, nikakipangusa. Kilikuwa na mikato mitatu midogo pembeni. Kila fundi wa Mzee Masatu alikuwa na alama yake, asije akasingiziwa kazi ya mwenzake. Mikato mitatu ni yangu. Baraza lile nililisimamia mimi, miaka minne nyuma, siku mbili tu katika mwaka wa majengo mengi, nikalisahau mpaka nilipoishika ile alama; ndipo nikakumbuka tuliondoka pale Ijumaa mapema tukifurahi.

Msimamizi alipokuja nikampa kile kipande. Akauliza alama ni ya nani. Nikasema yangu. Alinitazama, akalitazama shimo, akatazama kichuguu na Bibi aliyekuwa amekaa palepale na mahindi yake. Akasema nirudishe dumu stoo. Sijui kama alinisamehe au alikosa maneno, na sikumuuliza, maana kwa mara moja niliona kuuliza si busara.

Kazi iliyofuata mnaifahamu, ndiyo ile mnayoifanya mpaka leo, lakini nairudia kwa sababu mna haraka. Tulitoa kila kipande cha mti chini ya baraza na kukichoma. Tukajaza kokoto pale palipokuwa na kifusi. Nguzo za baraza tulizikata miguu na kuzikalisha juu ya vinguzo vifupi vya zege, na kati ya zege na mti tukaweka kofia ya bati iliyokunjwa kingo kuelekea chini. Mchwa anaweza kuizunguka hiyo kofia, lakini lazima ajenge kijia nje, na ukipita na fagio unamwona. Ndiyo siri yote ya Mzee Masatu: usidhani utamzuia, mlazimishe apite mahali unapomwona. Fremu tukaweka za kiini cha mninga. Kenchi mpya tulizipaka maji mazito ya mwarobaini, tukarudia baada ya kukauka, na muuguzi tukamwonyesha namna ya kurudia kila mwaka na mahali pa kutazama kila mwezi. Wazazi walirudi wodini kabla ya mvua.

Siku ya kuondoka Bibi Wakuru alinisindikiza mpaka kwenye gari. Alisema amesikia kwamba haya maji ya majani tuliyopaka hayadhuru, lakini watu wa ofisini wanasema mengi. “Mvua ikinyesha, njoo. Utakula kwanza wewe, halafu sisi.”

Nikaenda. Mvua ilikuwa imepiga asubuhi, mchana jua likatoka, na wanawake wakazunguka kichuguu na vijiti viwili viwili, wanagonga ardhi taratibu na kuimba. Juu wameweka blanketi kwenye fito, na tundu moja linaloelekea kwenye chungu. Nikainama nikaweka sikio chini, tabia ya kazi. Walikuwa wanagonga kule chini pia. Kisha wakaanza kutoka, mabawa yanang'aa, wanateleza chunguni kwa mamia. Bibi akakaanga bila mafuta, chumvi kidogo, akapepeta mabawa, akanipa sahani mbele ya kijiji kizima. Nikala upesi, mikono miwili, nikamrudishia sahani tupu. Wakapiga vigelegele. Hakuna aliyejua kwamba kooni nilikuwa na jogoo wa Bunda, na kwamba sikusikia ladha ya kitu chochote.

Tangu hapo naendaga kila mwaka. Kila jengo nililojenga jirani na kichuguu cha mtu nilijiuliza swali la Bibi kabla sijafungua kopo lolote, na makopo mengi yalibaki yamefungwa. Nyie niliwafundisha kofia za bati, kokoto, mwarobaini, rangi za udongo. Nilidhani nimewafundisha yote.

Mwaka huu nimekwenda nikiwa tayari mstaafu, sikuwa na haja ya kusaini daftari. Naishi Buhare, nina mwarobaini wangu uani, nina muda. Chacha, aliyeshika nafasi yangu, aliniambia ana safari ya upande huo huo, akanipa lifti kwenye gari la kazi. Mnamfahamu Chacha: msikivu, mchapakazi, hakosei vipimo. Njiani akaniambia zahanati inaongezewa jengo la wajawazito kungojea siku zao za kujifungua, msingi wake utapita karibu kabisa na ua wa Bibi, na kwamba kwenye ukuta wa zamani wameonekana mchwa wachache. Sikuuliza amebeba nini nyuma.

Bibi Wakuru sasa ni mzee sana, anatembea na fimbo, lakini macho yake hayajazeeka. Kumbikumbi walikuwa wameshatoka, sufuria iko motoni. Alitusalimu, akapita taratibu nyuma ya gari, akainua turubai kwa fimbo. Dumu lilikuwa pale, jipya. Akarudi, akakaa, akakoroga sufuria.

“Kijana, hiyo iko kwenye gari, ukishaimwaga, mwakani utakuja kula?”

Chacha akanitazama mimi. Nikaona uso wangu mwenyewe wa miaka ile, uso wa mtu aliyepewa dumu na anataka aonekane fundi wa maana. Nilimkabidhi funguo, nikamkabidhi bisibisi ya Mzee Masatu, nikamkabidhi daftari la vigingi. Kitu kimoja ambacho kingemfaa siku hii nilikuwa nimekificha, kwa aibu, miaka yote.

Nikasema, “Chacha, kuna kuku niliwaua Bunda, nikasema ni kideri.”

Nikawasimulia wote wawili. Dumu, kichuguu, yule mama chini ya ngazi, jogoo, shukrani aliyonipa. Watoto na vijiti vyao, na mimi naomba asitoke hata mmoja. Nilisema pia kwamba paa halikupona, na kwamba sikuwahi hata kutazama udongo wa vijia ni wa rangi gani. Nililia kidogo, sioni sababu ya kuwaficha hilo. Bibi hakuacha kukoroga mpaka nilipomaliza.

“Kumbe ndiyo maana unakulaga haraka haraka hivyo,” akasema. “Miaka yote nilidhani ni njaa ya mjini.”

Chacha akainuka akaenda upande wa wodi. Nilidhani ametukimbia. Baadaye nikamwona amechuchumaa ukutani, amebandua kitu, anakilowesha kiganjani, anakigeuzia juani. Kisha akatoa simu, na upepo ukaniletea maneno yake nusu nusu: anamwomba msimamizi wiki moja, na ndiyo, dumu lipo, na hapana, hajalifungua.

Akarudi, akanawa mikono, akakaa kwenye mkeka. Bibi akamsogezea sahani kwanza yeye. Chacha akachukua mmoja, akatafuna, akachukua mwingine, bila haraka, kama mtu asiye na la kuficha. Sahani ikanifikia mimi. Nikanyoosha mkono, na kwa mara ya kwanza tangu Bunda nikala polepole.